Ngome Iliyongoja Bahari

Nimepanda na futi kamba na daftari la halmashauri
kupima tuta la Isalaza, nyuma ya josho,
kwa kuwa wanataka kuweka tangi la maji.
Urefu, hatua mia na arobaini.
Kimo, pale liliposalia, kiuno cha mtu mzima.
Kwenye fomu kuna mstari: *Matumizi ya awali ya ardhi.*
Mstari mmoja tu. Na mwezi wa sita nastaafu.

Bibi yangu Sechelela hakuliita ngome.
Aliliita "nyumba zetu".

Bwana wa vita alikuja Mpwapwa na karatasi aliyoichora pwani:
boma la udongo la mdomoni mwa bandari,
pembe tano kama nyota,
na handaki pana la kujazwa na maji kujaa.
Maji kujaa! Ugogo huku,
ambako mto ni mchanga miezi tisa.
Lakini amri haiulizi mvua. Wakachimba.

Kilima kile ni mwamba, udongo haukufika magotini.
Ndipo wakazigeukia tembe.
Dari zikashushwa, kuta zikalazwa,
na karai zilipokwisha, wanawake wakabeba kwa ungo,
kila mmoja na nyumba yake kichwani:
masizi ya jiko yamo,
kiganja cha mtoto kilichokaukia ukutani kimo,
na punje za uwele zilizodondoka mwaka hadi mwaka
katika nyufa za ghala.

Askari msimamizi, Mwinyihatibu, mtu wa Kilwa,
alilitazama handaki kavu, akashindwa kujizuia:
"Jamani, hili linangoja bahari ipi?"
Akalipia cheko lile hamsa-ishirini.

Mzinga ukaelekezwa kaskazini.
Vita vikapita kwingine, usiku, bila kubisha hodi.
Ngome ilifyatua risasi moja,
ikamuua punda wa mzee Mbeleje aliyedhaniwa Mwingereza.
Walinzi wakaondoka na kuku wote.

Kisha Mtunya.
Njaa ile huwa haielezwi, hutajwa tu.
Mvua ilikuja siku nne ikakumbuka shughuli nyingine.
Mashambani hapakuwa na mbegu;
mbegu zilikwisha liwa na majeshi mawili, kwa zamu.
Tuta peke yake ndilo lililokuwa na kitu tumboni.

Sechelela, wa miaka saba, aliona wa kwanza,
kwenye pembe ya tatu, palipomwagwa nyumba yao.
Aliijua kwa majivu.
Majani membamba, yamepinda huku na huku,
mwandiko wa mtu asiye karani.
Uwele. Ukuta mzima umeota.

Hapo ndipo ngome ilipopigana.
Watoto walilala juu wakifukuza kwelea kwelea kwa makopo.
Wanaume walizunguka usiku na mikuki
kuzuia nyani,
kuzuia na watu wa bonde la pili,
waliokuwa na njaa ileile, ya tumbo lilelile.

Kila alipofika hapo bibi alitafuta ugoro wake.
"Mmoja hakurudi kwao," alisema.
"Alikuwa na kimfuko. Kidogo. Hivi."
Akaonyesha kwa vidole viwili,
kisha akauliza kama mbuzi wamefungwa.

Walivuna madebe sita.
Moja wakaliweka mbegu.
Mimi natokana na yale matano.

Sasa handakini yamesimama maji ya juzi,
ya kufikia magoti ya mbuzi, na chura mmoja mwenye kelele.
Nimeandika *Makazi*, nikakata.
Nimeandika *Shamba*, nikakata.
Jeshi? Wino umekataa.

Kijana wa josho, Chilongola, ananiuliza kama tangi litapita.
Namwambia avute kamba, isilegee,
na ashike vizuri ncha ile ya kule,
asikanyage,
hapo pana mtu.